Sura ya Tano: Treni Isiyo na Konda

Abiria anayefika stendi ya Same akitaka kwenda Gonja Maore hana haja ya kusoma chochote. Hajaingia vizuri, wapiga debe wameshamdaka: unaenda wapi mama, Ndungu hii hapa, Gonja Gonja, bado wawili tu. Mzigo unapokelewa, unatupwa juu ya keria au unasukumwa chini ya siti. Nauli inatajwa kwa mdomo, inabishaniwa kidogo kwa mdomo, na chenji inaahidiwa kwa mdomo kwamba itapatikana huko mbele. Njiani konda ndiye ramani. Anajua nani anashuka Kisiwani, nani ana mtoto mgonjwa, nani hajalipa, na akisahau, abiria mwenyewe atapaza sauti "shusha!" na gari litasimama hata pasipo na kituo, chini ya mti au mbele ya duka la mtu. Saa ya kuondoka nayo haijabandikwa popote, kwa sababu gari linaondoka likijaa. Mtu asiyejua herufi hata moja anaweza kutoka Vudee au Mbaga, akateremka Same, akapanda basi la Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilometa 400, na akafika salama salimini, kwa kuwa kila taarifa anayoihitaji imo kinywani mwa mtu mwingine. Kwamba wale "wawili tu" huwa saba ni kesi nyingine.

Naanzia stendi kwa makusudi. Sura hii inahusu Kiingereza anachohitaji kijana wa Same aliyepata chuo ng'ambo, au mama yake aliyealikwa kwenda kumwona mjukuu, siku ya kwanza anapoteremka kwenye treni za chini ya ardhi za London, New York au Dubai. Vitabu vya kujifunzia lugha hudhani kwamba haja yake ni mazungumzo. Humpa dayalojia ya msafiri na karani: habari za asubuhi bwana, naomba tiketi moja ya kwenda mahali fulani, ni shilingi ngapi, ahsante sana. Hoja yangu ni kwamba dayalojia hiyo karibu imekwisha duniani. Kiingereza cha treni za mjini ni cha kusoma na kusikia, na cha kusema ni kidogo mno. Tena kinachomkwamisha mgeni kutoka Same si uchache wa maneno, maana maneno anayo mengi kuliko anavyodhani. Kinachomkwamisha ni mazoea. Amezoea kuuliza mtu, na huko anatakiwa kuuliza ukuta.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Reli ya kwanza ya chini ya ardhi duniani, ile ya London kutoka Paddington hadi Farringdon, ilifunguliwa Januari 1863 ikivutwa na injini za mvuke, na ilijaa watu wa kila kazi: wa kuuza tiketi, wa kuzikagua, wa kufunga milango. Kilichofuata katika miaka 150 ni kumnyang'anya konda kazi yake kipande kwa kipande. Mwaka 1933 abiria walipewa ramani ya Harry Beck, mchoraji aliyeacha kabisa kujali umbali na mapindo ya ardhi, akachora njia kama nyaya za umeme, kila moja na rangi yake. Tangu hapo mtu angeweza kujielekeza bila kumsumbua yeyote. Mwaka 1968 onyo la kuangalia pengo kati ya treni na ukingo wa jukwaa likarekodiwa, ili lisemwe na spika badala ya mtu. Kufikia mwaka 2000 walinzi waliokuwa wakifunga milango ya treni hizo walikuwa wameondoka wote. Mwaka 2003 ikaja kadi ya nauli ya Oyster, mwaka 2014 kadi za benki zikaanza kugusishwa getini, na mwaka uliofuata karibu madirisha yote ya kuuzia tiketi kwenye stesheni hizo yakafungwa. Dubai, ambako Watanzania wengi hupita kwa biashara au kazi, ilianza metro yake mwaka 2009 ikiwa imeshafika mwisho wa njia hiyo: treni haina hata dereva. Kati ya miji hii mitatu, New York peke yake imebaki na konda katika treni nyingi, mtu anayekaa katikati ya mabehewa, na kila treni inaposimama huonekana akinyoosha kidole dirishani kuelekea kibao cha mistari myeusi na myeupe, kuthibitisha kwamba treni imesimama mahali pake kabla hajafungua milango. Lakini konda huyo hauzi tiketi, hatoi chenji, na hajui unashuka wapi.

Sasa maneno. Watu wa Upare, eneo la milima lenye mji wa Same, wameyapokea maneno ya usafiri kwa zaidi ya karne moja bila darasa. Reli iliyojengwa na Wajerumani kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, ikaambaa chini ya milima ya Upare kupitia Same, ikafika Moshi mwaka 1911. Ungetarajia lugha ya reli iwe ya Kijerumani. Wajerumani walituachia hela na shule, lakini reli yenyewe, pamoja na treni, stesheni, tiketi, injini na breki, ina sauti ya Kiingereza, lugha ya waliokuja kuiendesha baadaye na kwa muda mrefu zaidi. Abiria, nauli na safari tulikuwa nazo tayari kutoka Kiarabu, na gari lilitoka India. Barabara ikaongeza yake: dereva, konda, stendi, siti, pancha, gia, honi. Halafu wenyewe tukaendelea kuchonga. Daladala ilitokana na dala, yaani sarafu ya shilingi tano, na bodaboda ilianzia kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, ambako waendesha baiskeli walikuwa wakiwavusha watu kutoka boda hadi boda. Bibi anayezungumza Chasu, lugha ya Wapare, nyumbani na Kiswahili sokoni hutumia maneno haya yote bila kujua kwamba nusu yake ni Kiingereza. Kwa hiyo anayedai kwamba mtu huyu lazima aanze kwa kukariri msamiati wa usafiri hajasikiliza stendi.

Tatizo ni kwamba maneno yaliyohamia kwetu yameoa na kuzaa huku huku, na ukikutana nayo kwao hayakutambui. Chukua tangazo ambalo husikika London kila siku: "Change here for the Victoria line." Kwa sikio la Same, chenji ni hela. Ni ile mia tano ambayo konda amekuahidi, nawe umeishikilia moyoni tangu Same mpaka Kisiwani. Na laini ni kadi ya simu. Mtu aliyechoka na safari ya ndege anaweza kabisa kusikia kwamba hapa ndipo pa kubadilishia pesa au kununua laini, ilhali anaambiwa ashuke na kupanda treni ya njia nyingine. Tangazo jingine, "There is a good service on all lines," linasema treni za njia zote zinakwenda vizuri; kwetu gari likipelekwa sevisi ndiyo kwanza halitembei. Kwenye ngazi za umeme kuna kibao: "Stand on the right." Stendi kwetu ni mahali magari yanaposimama, na hapa anayeamriwa kusimama ni mtu, tena upande wa kulia, ili upande wa kushoto upite wenye haraka zao. Na lile onyo mashuhuri, "Mind the gap," linaanza na neno ambalo darasani tulifundishwa kwamba ni akili. Hapa maana yake ni angalia. Mwanafunzi wa kidato cha nne aliyefaulu Kiingereza anaweza kukwama katika maneno matatu ambayo yote ameshawahi kuyaona.

Dawa yake si kamusi kubwa. Matangazo ya treni ni machache na hayabadiliki, kama salamu, na yafaa kujifunzwa kama salamu: kwa mkupuo, pamoja na tendo lake. Hakuna anayechambua "shikamoo" kabla ya kuitikia. Vivyo hivyo "This train terminates here, all change please" haifai kuchambuliwa neno kwa neno, hasa kwa kuwa "terminate" kwa mwenye Kiingereza cha shule huandamana na mikataba na mimba. Inatosha kujua kwamba ukiisikia sentensi hiyo, na ukaona wenzako wanainuka, safari ya treni hii imefika mwisho na wote mnashuka. "Alight here" ni kushuka hapa, na haina uhusiano na taa. "Way out" ni kutokea nje. Sentensi kama hizi hazizidi ishirini. Mwalimu angeweza kuzimaliza kwa juma moja, kama tu mtaala ungekubali kwamba Kiingereza kinaweza kuwa kitu cha kuitikia kwa miguu.

Yapo mambo ambayo mtu wa Upare anayajua kuliko vitabu vyenyewe. La kwanza ni kwamba gari huitwa kwa jina la mwisho wa safari. Anayekwenda Kisiwani hangoji gari lililoandikwa Kisiwani. Anapanda la Ndungu, kwa kuwa anajua litapita. Treni za London zina tabia hiyo hiyo. Kwenye jukwaa ubao unasema Cockfosters, mahali ambapo mgeni hana shughuli napo wala hajawahi kupasikia, na wageni wengi huiacha treni hiyo iende huku wakisubiri iliyoandikwa King's Cross, ambayo haitakuja. Aliyekulia Same akishaambiwa kwamba Cockfosters ni Ndungu na King's Cross ni Kisiwani, ameshafaulu nusu ya mtihani. La pili ni kupanda na kushuka. Kati ya mji wa Same na vijiji vilivyo chini ya kilele cha Shengena, chenye mita 2,462, watu hupanda na kushuka kwa maana zote mbili: wanapanda gari ili wapande mlima, wanashuka mlima kisha wanashuka garini. New York nayo imegawa treni zake za Manhattan hivyo hivyo, "uptown" na "downtown", na ingawa huko maana ni kaskazini na kusini wala hakuna mlima wa kutisha, mtu aliyezoea kusema "nashuka Same" hatashangaa kwamba upande wa safari unaweza kuitwa juu au chini. Achukue tahadhari moja tu, kwamba katika miji mingine mingi ya Marekani "downtown" ni katikati ya mji. London hutumia dira, "northbound" na "southbound", na hapo ndipo mtu wa milimani hupotea kabisa. Kwao upande haujawahi kuhitaji jina. Unatazama mlima uko wapi, basi. Chini ya ardhi hakuna mlima wa kutazama.

Hata jina la kitu chenyewe lina mtego. "Subway" ni treni ya chini ya ardhi New York. London neno hilo ni njia ya waenda kwa miguu inayopita chini ya barabara, na anayeulizia "subway" ataelekezwa kwa heshima zote hadi kwenye shimo lisilo na treni. Aulizie "Underground" au "Tube". Lifti huitwa "lift" London na "elevator" New York. Kwa bahati nzuri Kiswahili kimerithi la Waingereza.

Atakuja mtu aseme: haya yote ya nini, na kila kijana ana simu? Ramani ya simu inampeleka mtu mlango hadi mlango na inaweza hata kuzungumza Kiswahili. Pingamizi hili lina uzito, nami sitaki kulidharau. Simu imewatoa watu wengi jangwani. Lakini tazama simu yenyewe inasema nini. Inakuambia uchukue Piccadilly line kuelekea Cockfosters, ubadilishe Green Park, utokee mlango fulani. Imekuhamishia ukuta mkononi, kwa lugha ile ile ya ukuta. Majina ya njia na stesheni hayatafsiriki, kibao kilicho mbele yako hakitabadilika kuwa Kiswahili, na mtandao huko chini huweza kukatika usipotarajia. Zaidi ya hayo, simu haisikii tangazo lililotolewa sasa hivi kwamba treni hii haitasimama kwenye stesheni mbili zinazofuata.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo linatoka upande wa adabu. Lugha ni watu, watasema. Ukimfundisha mtu kuitikia spika bila kumfundisha kuzungumza na jirani, umemfanya mashine. Katika Upare, kama kwingineko Tanzania, kumwendea mtu mzima kwa swali bila salamu ni utovu wa malezi. Shikamoo kwanza, habari za nyumbani, ndipo uulize gari la Suji limeshaondoka au la. Ni kweli, na ndiyo maana mgeni hujisikia vibaya ndani ya behewa la watu mia waliokaa kimya kama wako msibani. Ila kimya hicho si chuki. Ni namna ya watu waliobanana kupeana nafasi ambayo haipo. Anayetaka kuuliza aanze na "Excuse me", ambayo hapo inafanya kazi ya hodi, ya samahani na ya naomba njia kwa pamoja, kisha aende moja kwa moja kwenye swali. Akianza kuuliza habari za familia, mwenzake atashika mkoba wake vizuri. Tatizo jingine la adabu limo katika sarufi. Kiswahili hubeba ombi ndani ya kitenzi: "nionyeshe", "nisaidie", "nishushe hapo", na kila mmoja husikia kwamba ni ombi. Kitenzi hicho kikigeuzwa Kiingereza kilivyo, kinabaki amri tupu. Kwa hiyo kila ombi litangulizwe na "could you", na litafunikwa adabu ambayo Kiswahili kiliificha kwenye herufi moja ya mwisho.

Pingamizi la tatu nalikubali zaidi. Mambo yakiharibika, mdomo hurudi. Umeme ukikatika, taa za ishara zikikorofisha, njia ikifungwa mwisho wa juma kwa matengenezo, matangazo yale yaliyozoeleka hukoma na sauti ya mtu halisi huanza kuongea harakaharaka katika spika mbovu, na hapo hata wenyeji hutazamana. Anayejua sentensi ishirini za ukuta hatatosheka nazo. Lakini hata siku hiyo maswali yanayofaa ni machache, na yafaa kuundwa ili yajibiwe kwa ndiyo au hapana: "Does this train stop at Euston?" badala ya kuuliza nitafikaje Euston, swali ambalo jibu lake litakuwa refu na la kasi. Kuna na la matamshi. Kiswahili husomwa kama kilivyoandikwa, na mtu wa Same hutamka kila herufi kwa uaminifu. Kiingereza hakina uaminifu huo. Leicester Square hutamkwa Lesta, Southwark husikika kama Sadhak, Houston Street ya New York ni Hausten. Matokeo yake, mgeni anakisoma kibao vizuri, kisha anakisikia kituo chake kikitangazwa na hakitambui, huku amekaa kimya akingoja jina ambalo halitatajwa kamwe jinsi alivyolishika kichwani. Aandike jina kwenye karatasi au alifungue kwenye simu, amwonyeshe mtu, na amsikie akilitamka kabla hajapanda.

Anayetaka kujizoesha hana haja ya kungoja viza. Mabasi ya mwendokasi ya Dar es Salaam, yaliyoanza mwaka 2016, yalimhamisha abiria wa daladala kutoka kwa konda hadi kwenye kituo chenye geti na ubao, ingawa wapiga debe wa aina fulani bado wanapenya. Treni ya SGR iliyoanza kwenda Morogoro na kisha Dodoma mwaka 2024 imekwenda mbali zaidi: tiketi ina namba ya behewa na ya siti, na treni huondoka saa yake ikifika, imejaa au haijajaa. Kwa mtu wa stendi hili la mwisho ndilo geni kuliko Kiingereza chochote. Akishalizoea kwa Kiswahili, kusoma kabla ya kuuliza na kuwahi badala ya kusubiriwa, atalikuta London likiwa limebadilisha maneno tu. Na mambo ya kule hayako mbali sana na ya huku. Konda wa gari la Ndungu akitaka dereva aondoe gari hugonga bodi kwa kiganja, ngo ngo, na hapo aliyekuwa bado ananunua karanga dirishani hujua muda wake umekwisha. Treni ya New York nayo kabla ya kufunga milango hulia sauti mbili, ya juu kisha ya chini, mara nyingi zikitanguliwa na sauti ya mwanamume inayosema "Stand clear of the closing doors, please." Aliyeshika karanga asimame mbali na mlango.